Sauti ya Mtu wa Chumvi

Ksawery Dębski alimwacha binti yangu Bożena mtoto wao akiwa na miaka minne, akaenda Warsaw kuishi na mwanamke mwingine. Hilo peke yake si ajabu, wanaume huondoka. Ajabu ni kwamba alichukua masanduku yake lakini sauti yake akaiacha sebuleni kwangu.

Kazi yake ilikuwa kusoma filamu. Kwetu Poland filamu ya kigeni haitafutiwi waigizaji wapya wa kuisemea. Mtu mmoja hukaa kwenye chumba kisichopitisha kelele na kusoma kwa Kipolandi maneno ya watu wote, mume, mke, mtoto na jambazi, kwa sauti ileile iliyonyooka, isiyocheka wala kulia. Chini yake unawasikia Wamarekani wenyewe kwa mbali, kama majirani wanaogombana. Ksawery alikuwa mmoja wa wasomaji waliopendwa kuliko wote nchini. Basi fikiria. Umemfukuza mtu moyoni mwako, halafu Jumamosi unakaa na chai yako kutazama polisi wa New York, na kila polisi anaongea kama yeye. Wake zao pia.

Bożena hakusema neno kuhusu jambo hilo. Akisikia tu kwamba msomaji ni yeye, alinyanyuka na kuzima sauti, kama mtu anayefunga dirisha mvua ikianza. Nusu ya filamu za dunia tulizitazama kimya.

Mjukuu wangu, Jagna, alikulia ndani ya kimya hicho. Alipokuwa mdogo sana aliamini kwamba wageni wote duniani wana sauti ya baba yake. Siku moja Mjerumani alitusimamisha sokoni Bałuty, mtaani kwetu Łódź, kuuliza njia, na mtoto akaangua kilio. "Babu, huyu ameharibika!" alilia. Mjerumani alitupa pole, bila kujua ni ya nini.

Akiwa na miaka tisa, nilimkuta ndani ya kabati la makoti ukumbini. Alikuwa amechuchumaa katikati ya viatu, gilasi ikiwa ukutani na sikio likiwa kwenye gilasi. Upande wa pili wa ukuta ule aliishi Bi Pelagia, mjane, kiziwi wa sikio moja na mkaidi wa yote mawili, na televisheni yake ilinguruma mchana kutwa.

"Unafanya nini humo?"

"Nyamaza, babu. Baba anaongea."

Nilisimama pale na koti langu mkononi. Mwishowe nikauliza, "Anasema nini?"

"Anasema, weka bunduki chini, nyumba imezungukwa."

Nilitoka moja kwa moja nikamgongea Bi Pelagia. Nilipiga mlango kwa ngumi, maana kengele hakuisikia.

"Bi Pelagia, punguza hiyo televisheni!"

"Nini?"

"Punguza!"

"Punguza wewe. Ni wewe unayenipigia kelele mlangoni kwangu."

"Sauti yako inapita ukutani."

"Na vitunguu vyako vinapita ukutani, mzee Gawlik. Na nyundo yako. Na ugomvi wenu wa kila Jumapili. Mimi nimewahi kuja kugonga? Tena yule kijana anasoma vizuri, anatamka kila neno. Si kama wewe, unatafuna maneno kama chingamu."

"Yule kijana alimtupa binti yangu!"

"Alimtupa binti yako, hakunitupa mimi. Mimi ananisomea kila siku." Akafunga mlango. Kabla sijafika kwangu alikuwa ameongeza sauti.

Gilasi niliirudisha jikoni. Kesho yake haikuwepo tena. Sikuitafuta. Mtoto hakuwa akimngoja baba yake aje, hilo alikwisha kulielewa. Alichotaka ni kumsikia. Na kusema kweli hapakuwa na kitu kingine cha baba kilichobaki kwake, maana yule bwana hakuja, na siku ya jina la mtoto, ambayo kwetu husherehekewa kama siku ya kuzaliwa, alituma kadi iliyoandikwa na mkono wa mwanamke.

Filamu ambayo Jagna aliitaka kuliko zote ilikuwa Mtu wa Chumvi. Sijui nyumba hata moja Łódź iliyokuwa haiijui. Kila Krismasi walituonyesha. Familia inaishi ukingoni mwa jangwa la chumvi. Baba ni rubani wa kujaribu ndege, na anapotea angani. Baada ya mwaka mzima anaonekana akija kwa miguu kutoka kwenye chumvi, sura ileile, koti lilelile, lakini si yeye. Ni kitu kilichotoka mbali huko juu, kimevaa umbo lake. Mama anajidanganya. Mtoto wao, Dora, anajua siku ya kwanza, na namna anavyojua ndiyo iliyowafanya watu wasiisahau filamu ile: yule mtu anakaa naye kwenye ngazi na kusikiliza hadithi yake mpaka mwisho. Baba yake hakuwahi kufanya hivyo. Baba yake alisema "vizuri, vizuri" huku akitazama saa. Halafu wanajeshi wanakuja na mitambo yao, mkubwa wao anapiga goti mbele ya mtoto na kumuuliza: huyu ni baba yako? Na mtoto anajibu ndiyo.

Watoto wa uani kwetu walikuwa na mchezo wao wa filamu ile. Mmoja alikaa kwenye ngazi bila kutingishika, wengine wakamsimulia upuuzi wowote, na akicheka kabla hadithi haijaisha, anauawa.

Mimi sikuipenda tangu mwanzo. Inamfundisha mtoto kwamba baba ni yeyote anayejua kukaa kwenye ngazi. Nilikuwa fundi wa mitambo ya kufuma, zamu tatu, na zamu iliponiruhusu nilikwenda shule ya jioni ya watu wazima mpaka nikapata cheti. Muda wa ngazi sikuwa nao. Niliwahi kumwambia Bożena hivyo.

"Kwani wewe ulikosa baba?" nilimuuliza.

"Nilikuwa na viatu, baba," alijibu. "Viatu vizuri sana."

Ndivyo tulivyokuwa tukiongea nyumbani.

Msomaji wa Mtu wa Chumvi alikuwa Ksawery. Filamu ile ndiyo iliyompa jina. Bożena alikuwa akimpikia kahawa nyumbani wakati alipoifanyia mazoezi mezani, na kwa sababu hiyo aliichukia kuliko sisi wote. Krismasi baada ya Krismasi, Dora alifumbua mdomo wake mbele ya wanajeshi na hakuna neno lililosikika sebuleni kwetu.

Wiki moja kabla ya Mkesha wa Krismasi, nilikuwa nimepanga foleni ya karpi. Ni samaki wetu wa Mkesha, huuzwa hai kutoka kwenye matangi barabarani, na kila mmoja hurudi nyumbani na mfuko unaorukaruka. Wangu nilikuwa nimekwisha kumpata. Nilikuwa nikifunga mfuko niliposikia nyuma yangu:

"Mzee Gawlik."

Sikuhitaji kugeuka. Wanawake wa kwenye foleni waligeuka kabla yangu. Sura yake hawakuijua, lakini mmoja alimshika mwenzake mkono: "Jamani, ni yule! Ni yule wa filamu!"

Ksawery aliwapa tabasamu. Alikuwa amenenepa shingo. Koti lake lilikuwa jipya.

"Umekuja kununua samaki?" nikamuuliza. "Warsaw wamekwisha?"

"Nimekuja kukutafuta wewe. Jirani yako wa chini aliniambia uko sokoni. Naondoka, mzee. Toronto. Kaka yake Renata ametutafutia kazi na nyumba. Tunakwenda moja kwa moja, haturudi." Renata ndiye yule mwanamke wa Warsaw.

"Nani amekushika?"

"Jagna. Mtu lazima amwambie."

"Mdomo unao. Nchi nzima inaujua."

"Mdomo wangu unasoma," alisema. "Kusema haujui. Wewe husema mambo yalivyo, hupaki sukari. Mwambie wewe."

"Maneno mazuri. Nani alikuandikia?"

Hakukasirika. Hicho ndicho kilichonikera kwake siku zote. Ukimtukana alikutazama kama vile anasubiri zamu yako iishe. Samaki alijipinda ndani ya mfuko, nikambana na paja.

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Nyumba unaijua. Tramu ile pale. Dakika chache tu uko mlangoni."

"Nina treni ya kurudi."

"Basi nenda. Angalau Krismasi atakusikia kwenye Mtu wa Chumvi."

Alitazama chini kwenye barafu. "Hapana. Hiyo pia si mimi. Televisheni wamenunua utepe mpya, picha safi zaidi, kwa hiyo inasomwa upya. Walinipigia simu mimi kwanza. Nikakataa."

"Ulikataa?"

"Nina nyumba ya kukabidhi, nina mizigo. Na filamu ile nimeshaisoma, mzee. Nisome tena ya nini?"

"Ni kazi ya siku ngapi?"

"Mchana mmoja."

Nilifikiri sikusikia vizuri. "Mchana mmoja," nikarudia.

"Atazoea. Nakwambia kama mtu wa kazi hii. Msomaji mzuri hasikiki. Baada ya dakika tano mtazamaji anasahau kwamba yupo, anadhani Wamarekani wanaongea Kipolandi. Akinisikia, basi nimesoma vibaya."

"Ana miaka tisa, anachuchumaa kwenye kabati la viatu na kukusikiliza ukutani kwa gilasi."

"Kwa gilasi?" akasema. Kisha: "Asikae kwenye ubaridi."

Mfuko wangu uliinuka wenyewe. Kama mkono wangu ungekuwa bado na umri wa miaka hamsini, karpi yule angemwangukia usoni. "Ondoka mbele yangu," nikamwambia, "kabla samaki huyu hajakufundisha kusema."

Aliondoka. Hakwenda upande wa tramu. Mwanamke mmoja kwenye foleni alinikemea, "Mbona unamfokea hivyo, baba? Mtu mwenye sauti kama ile!"

"Mchukue," nikamwambia. "Hana bei."

Nyumbani nilimtia samaki kwenye hodhi la kuogea na sikusema kitu. Nilijiambia labda yule mtu ataona aibu na kupiga simu kabla ya kupanda ndege. Siku zilipita. Simu iliyokuja ilikuwa ya Bi Pelagia peke yake, akiuliza kama ni sisi tuliochukua fagio la ngazi.

Mkesha ulifika. Tulitandaza majani makavu chini ya kitambaa cha meza, tukaweka sahani moja ya ziada kwa mtu asiyetarajiwa, na Jagna akasimama dirishani kungoja nyota ya kwanza, maana kabla yake hatuli, ingawa mawingu yalikuwa mazito. "Naiona," alisema. Tulijua haioni. Bożena aliwasha mshumaa.

Kabla ya kula, kila mmoja hushika opłatek, mkate mweupe mwembamba kama karatasi, na kumvunjia mwenzake kipande huku akimtakia mema. Unachoombwa mkate ule ukiwa mkononi ni vigumu kukikataa. Jagna alilijua hilo vizuri sana. Alimwendea mama yake.

"Nakutakia afya, mama, na usichoke, na meneja wako aache kukuonea," alisema mbio mbio. "Na mimi nataka tutazame Mtu wa Chumvi leo kwa sauti. Yote. Mpaka mwisho."

Bożena alibaki na kipande cha mkate hewani. Nilimwona akimtazama mtoto, kisha televisheni, kisha mtoto tena. Bila shaka alikuwa amejitayarisha kwa ombi hilo siku moja, maana hakukasirika.

"Leo tu," alisema. "Kwa sauti."

"Hapana," nikasema mimi.

Waligeuka wote wawili.

"Hapana nini, baba?"

"Mkesha hatutazami televisheni. Tunakaa mezani kama watu."

"Mwaka jana ulitazama kwaya saa nzima, miguu juu ya kiti."

"Kwaya ni kwaya."

"Babu, mama amekubali!"

"Mimi sijakubali. Yule mpuuzi hatabweka nyumbani kwangu siku aliyozaliwa Bwana."

Jagna alinitazama kama vile nimemmwagia supu. Nililiona hilo, lakini sikuwa na neno jingine la kuwazuia. Nilikwenda kwenye televisheni, nikachomoa waya wa antena, nikaukunja na kuutia mfukoni mwa suruali.

"Toa huo waya," alisema Bożena.

"Sitoi."

"Baba, mtu mzima wewe, unamwibia mtoto waya wa televisheni Mkesha wa Krismasi. Jitazame."

"Supu inapoa."

"Ipoe! Miaka mitano nimeziba masikio yangu kwa ajili ya yule mtu. Leo nimeamua kuyafungua, kwa hiari yangu, kwa ajili ya mwanangu, na wewe ndiye unayenipangia? Wewe hujaachwa naye. Mimi ndiye niliyeachwa!"

"Nyumba hii nimeipata kwa jasho langu."

"Basi kaa nayo wewe na jasho lako. Toa waya!"

Alijaribu kuingiza mkono mfukoni mwangu. Nikamshika kifundo cha mkono. Tulisukumana pale mbele ya mshumaa kama walevi, mimi na binti yangu, na sahani ya mgeni asiyetarajiwa ikaanguka na kuvunjika. Hakuna aliyeinama kuiokota.

Jagna hakulia. Alikuwa tayari ukumbini, akivaa viatu vya nje.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kwa Bi Pelagia. Yeye atanifungulia."

Hapo nilishindwa. Nilimwona akilini mwangu akikaa kwenye kochi la mwanamke yule, peke yake kati ya mito yenye nywele za paka, akingoja sauti ambayo haitakuja, na kile kiziwi kikimwambia, "Nini? Unasemaje? Mbona unalia?" Nilitoa waya, nikauweka mezani.

"Haya," nikasema. "Tazameni."

Hawakunishukuru. Bożena alichomeka waya. Tulikula supu nyekundu ya bitiruti tukitazama matangazo, kisha muziki ukaanza, na jangwa la chumvi likajaa kwenye kioo, jeupe kuliko nilivyolikumbuka. Jagna aliacha kijiko. Alivuta kiti mpaka karibu kabisa, magoti yake yakagusa kabati la televisheni.

Jina la filamu lilisomwa. Ilikuwa sauti ya kijana, nyembamba, safi, kama ya mtu anayetangaza treni stesheni.

Jagna hakutingishika. Mama wa kwenye filamu alimwita mumewe aje kula, kwa sauti ile ya treni. Mume alijibu anakuja, kwa sauti ileile. Jagna alinyoosha mkono, akaongeza sauti.

"Hajaanza," alisema. "Huyu anasoma mwanzo tu. Ataanza."

Bożena aliweka mkono mdomoni.

Dora aliingia, akaanza kumsimulia baba yake hadithi ya mbwa wa jirani, na baba akasema vizuri, vizuri, akitazama saa. Jagna aliongeza sauti tena. Gilasi zikatetemeka mezani. Kijana wa treni akaendelea kusoma, neno kwa neno, bila kosa hata moja.

Mtoto aligeuka. Hakumtazama mama yake. Alinitazama mimi.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua nini?"

"Ndiyo maana ulificha waya. Ulijua hayupo. Ulijuaje?"

Watu huniuliza kwa nini sikukaa kimya tu. Anayeuliza hivyo hakuuona uso ule. Ulikuwa uso uliokwisha kupata nusu ya jibu, na nusu nyingine ungeipata wenyewe kabla supu haijaisha. Baba yake alikuwa anasoma, sasa hasomi, kwa hiyo ama kuna mtu amemzuia au amekataa. Mtoto mwenye akili hahitaji muda mrefu kwa hesabu hiyo. Nilikuwa na nafasi ndogo tu ya kumjibu kabla hajajijibu.

"Nilipiga simu Warsaw," nikasema. "Nilikwenda posta ili msinisikie, nikaomba niongee na wakubwa wa televisheni. Nikawaambia wamtoe."

"Baba!" alisema Bożena.

"Nikawaambia nyumba za heshima hazitaki kumsikia mtu kama yule siku ya Krismasi. Wakaniuliza mimi ni nani. Nikasema, Wincenty Gawlik, fundi daraja la kwanza, nalipa ada ya televisheni tangu mlipoanza kutuonyesha picha. Wakanisikiliza."

Aliamini. Mtoto wa miaka tisa huamini kwamba babu yake akinyoosha mkono anaweza kusimamisha tramu, na mimi nilikuwa nimemwachia aamini hivyo miaka yote.

"Na yeye?" aliuliza. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Yeye alisema nini?"

Nilijua analotaka. Hilo ndilo lilikuwa gumu, si lile la kwanza. Kujitukana mwenyewe ni rahisi. Nilitakiwa sasa nifumbue mdomo na kumsifu Ksawery Dębski mezani kwangu.

"Alibisha," nikasema. "Aligombana nao. Alisema ni filamu yake, na kwamba kuna mtu Łódź anayemsikiliza. Alitaka sana kuisoma. Ilibidi wamtoe nje."

Nilihisi kama ninameza mfupa. Lakini niliona mabega ya mtoto yakishuka, na kitu fulani ndani yake kikakaa mahali pake. Kisha chuki yote ikanigeukia mimi, na ilikuwa na mahali pa kwenda.

"Nakuchukia," alisema.

"Sawa."

"Nakuchukia kuliko wanajeshi. Ufe!"

"Jagna!" alisema Bożena, lakini bila nguvu.

Mtoto alichukua kipande chake cha opłatek, kile nilichokuwa nimemvunjia mimi, akakisaga kwa vidole juu ya sahani yangu mpaka kikawa unga. Halafu akaingia chumbani na kufunga mlango. Niliizima televisheni kabla rubani hajapotea. Upande wa pili wa ukuta, kijana wa treni aliendelea kumsomea Bi Pelagia.

Bożena alichukua vyombo, nikamfuata jikoni. Alifungua bomba kwa nguvu, maji yakarukia aproni yake.

"Ulimpigia nani?"

"Wakubwa."

"Jina lake?"

"Sikuuliza."

"Wewe hata fundi wa bomba humpigii, unanituma mimi. Mtu akikujibu kwa haraka kwenye simu unakata." Alisugua kikaango kilichokuwa safi tayari. "Yule mtu yuko wapi?"

Nilichukua sahani, nikaanza kuifuta.

"Baba, yuko wapi?"

"Toronto. Au yuko njiani. Alikuja sokoni wiki iliyopita, nikiwa kwenye foleni."

"Na Renata?"

"Na Renata."

"Walimwita kusoma?"

"Walimwita wa kwanza. Mchana mmoja. Akasema ana mizigo."

Alifunga bomba. Nilidhani atanishika mkono, au kukaa. Badala yake aligeuka na macho makavu, na hasira yake ilikuwa kubwa kuliko ile ya mezani.

"Kwa hiyo ulijua wiki nzima. Na mimi ulitaka niambiwe na nani? Na yule kijana wa stesheni?"

"Nilidhani atapiga simu."

"Ulidhani! Miaka kumi na mitano namjua, wewe ndiye unayedhani!" Alitupa kitambaa kwenye sinki. "Nitamwambia mtoto. Sasa hivi."

"Mwambie. Na ukishamwambia, atabaki na nini?"

"Atabaki na ukweli."

"Ukweli aliokuwa nao yule mtu ni kwamba asikae kwenye ubaridi. Hayo ndiyo maneno yake yote kwa binti yake. Nenda ukampe."

Bożena alisimama na mkono kwenye kitasa. "Umemtengenezea baba ambaye hayupo," alisema. "Baba anayegombana na wakubwa kwa ajili yake. Utamlisha huyo mtu mpaka lini?"

"Mpaka atakapomtema mwenyewe. Leo hawezi. Meno yake bado ya utoto."

"Na wewe je? Unadhani kesho atasahau?"

"Sidhani."

"Hatasahau, baba. Huyu ni wa kwetu, hatusahau sisi." Alikiacha kitasa. Alifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Sawa. Beba lawama yake. Lakini usije siku moja ukanilalamikia kwamba anakutemea mate. Na usidhani mimi nimekusamehe kwa lile la wiki nzima. Ni ukorofi uleule wako. Safari hii tu umevaa suti."

"Sijakuomba unisamehe."

"Hujawahi."

Mlango ulifunguka. Jagna aliingia akiwa amevaa soksi, akapita kati yetu kama sipo, akamimina kikombe cha juisi ya matunda yaliyokaushwa kutoka kwenye sufuria.

"Mama," alisema, "mwambie Bwana Gawlik kesho sitakwenda naye kanisani."

Bożena alinitazama. Bado angeweza kuusema ukweli. Neno moja tu lilitosha.

"Yupo hapa," alisema. "Ana masikio. Mwambie mwenyewe."

Mtoto alielekeza macho yake kwenye kigae cha ukutani juu ya bega langu. "Bwana Gawlik, kesho sitakwenda kanisani na wewe. Nitakwenda na mama."

"Vyema," nikasema. "Vaa kofia. Kuna upepo."

"Hunipangii," alisema.

Asubuhi waliondoka mapema bila kuniamsha, ingawa nilikuwa macho. Niliwaona kutoka dirishani wakivuka ua. Jagna alitangulia, kichwa wazi, nywele zikijaa theluji, akitembea polepole makusudi ili nipate muda wa kumwona. Nyuma yake alikuja Bożena akiwa ameshika kofia mkononi, na hakumwita aivae.